Barabara kuu inayopasua mji: namna ya kuchunguza kama igeuzwe bulevari, kwa mfano wa RN1 Lubumbashi

Lubumbashi haina barabara ya juu ya zege ya kubomoa, kama ile ya Embarcadero iliyoondolewa San Francisco au ile iliyofunika kijito cha Cheonggyecheon kule Seoul. Ina RN1 (barabara ya taifa namba 1), inayotoka Likasi, ikaingia mjini na kuendelea hadi mpakani Kasumbalesa. Semi-trela za shaba na kobalti hupita humo zikielekea Zambia, na zinaporudi hubeba salfa, asidi, chokaa na mafuta ya migodi. Pembeni yake kuna mama anayeuza mkaa, manseba (dereva wa pikipiki) anayesubiri abiria, na mtoto anayevuka kwenda shule. Kwa kuwa hakuna zege la kuvunja, utafiti wa hapa ni rahisi kuliko wa Seoul. Ugumu wake uko kwingine: kwenye malori.

Mwongozo huu wa kuchunguza kama barabara ya namna hii igeuzwe bulevari (barabara pana ya mjini yenye miti, njia za miguu na njia za huduma pembeni) ni kwa mafundi wa mji na wa mkoa, wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), na kamati za mitaa zinazotaka kujua kama ripoti waliyoletewa imefanywa sawasawa. Utafiti kamili huchukua miezi 10 hadi 14. Anayeahidi kuumaliza kwa miezi mitatu atakuwa amehesabu magari ya msimu mmoja tu.

Hatua ya 1: Andikeni swali, kisha chagueni kipande

Swali la "Je, bulevari ni nzuri kuliko barabara kuu?" halina jibu. Ulizeni hivi: barabara hii inafanya kazi zipi leo, na kila kazi itafanywa na nani au na nini tukiibadilisha? Kwa kawaida kazi ni nne: kupitisha mizigo isiyo na shughuli yoyote mjini, kuingiza watu mjini asubuhi na kuwatoa jioni, kuhudumia maduka na lupango (viwanja vya nyumba) zilizo pembeni, na kubeba vitu visivyoonekana (mabomba ya maji ya REGIDESO, nyaya za umeme za SNEL, maji ya mvua). Chukueni karatasi moja, kazi nne, safu nne. Kila namba mtakayoikusanya baadaye iwe na safu yake. Ikikosa safu, msiikusanye.

Kipande kianzie na kuishia penye njia panda kubwa, mahali ambapo dereva anaweza kuchagua njia nyingine. Mkikikata katikati, mtajenga mdomo wa chupa. San Francisco, Octavia Boulevard iliyofunguliwa mwaka 2005 ni nzuri kwa mitaa inayoizunguka, lakini inapokea magari moja kwa moja kutoka kwenye mdomo wa barabara ya mwendo kasi, na saa za msongamano foleni hujipanga hapo.

Kabla ya yote, jueni barabara ni ya nani. Barabara za taifa ziko chini ya Office des Routes, na za ndani ya miji chini ya Office des Voiries et Drainage. RN1 ikiingia mjini, ofisi zote mbili zina la kusema, pamoja na meya na mkoa. Pelekeni barua kwa wote siku moja. Ofisi inayopata habari za utafiti kupitia kwa jirani yake huwa ya kwanza kuukataa.

Hatua ya 2: Hesabu

Hapa ndipo tafiti nyingi hufia, maana makosa ya hesabu hayaonekani mpaka mwisho.

Chagueni wiki mbili kwa mwaka: moja kati ya Januari na Februari, mvua ikiwa kali, na nyingine Mei au mwanzoni mwa Juni, wakati wa kiangazi. Msihesabu Julai wala Agosti, kwani shule zimefungwa na asubuhi ya mji inakuwa nusu. Kabla ya kuanza, piga simu Kasumbalesa uulize kama mpaka unafanya kazi kama kawaida. Forodha zikigoma siku mbili, malori hupanga foleni, kisha hutoka yote kwa pamoja. Wiki hiyo haifai kitu.

Wekeni vituo vitano: kila mwisho wa kipande, katikati, na kwenye barabara mbili za pembeni ambazo madereva wangekimbilia (vituo viwili hivyo vihesabiwe kama kimoja mkiwa na watu wachache). Vituo vya miisho vihesabu saa 24 kwa siku 7, kwa sababu malori mengi hutembea usiku. Vingine vinatosha saa 16. Gawanyeni kwa vipindi vya dakika 15. Mtu mmoja asipewe zaidi ya aina tatu za vyombo, na abadilishwe kila baada ya saa mbili. Baada ya hapo macho huona lakini mkono hauandiki.

Aina ziwe hizi: watembea kwa miguu, baiskeli (baiskeli za makala, yaani mkaa, ziandikwe peke yake), mikokoteni, pikipiki, gari ndogo, teksibasi, lori la ekseli mbili, lori la ekseli tatu au zaidi, semi-trela, na tanki la asidi au mafuta. Kwa kipimo cha nafasi barabarani, gari ndogo ni 1, pikipiki kati ya 0.3 na 0.5, teksibasi 1.5, lori la ekseli mbili 2, na semi-trela 3. Kwenye mlima au penye mashimo, semi-trela hula zaidi ya hapo.

Saa ziandikwe 06:00, 06:15, 18:00. Katika timu moja mtakuwa na anayesema saa kumi na mbili na anayesema saa sita, wote wakimaanisha alfajiri ileile, na kompyuta haitajua nani alimaanisha nini. Kosa hili dogo huhamisha msongamano wa asubuhi ukaonekana usiku wa manane.

Hesabuni watu pia, siyo vyuma tu. Kila saa, chukueni magari 30 ya kila aina na kuandika wamo wangapi. Bila hiyo, teksibasi yenye watu 18 na gari yenye mtu mmoja zitalingana kwenye ripoti, na bulevari itaonekana hasara kwa watu ambao kwa kweli ingewasaidia.

Simu iliyofungwa juu ya nguzo husaidia kuhakiki hesabu, lakini mwe na barua ya ruhusa ya meya na ya polisi mkononi. Kamera barabarani bila karatasi huishia kituoni, na siku nzima ya hesabu huenda nayo.

Hatua ya 3: Malori yanatoka wapi, yanakwenda wapi

Mkiwa na pesa za kufanya jambo moja tu vizuri, fanyeni hili.

Njia rahisi ni kulinganisha plaki (vibao vya namba za magari). Timu mbili zinakaa kila mwisho wa kipande, zinaandika herufi na namba nne za mwisho za plaki, aina ya chombo na saa. Kisha mnatafuta plaki zilizoonekana pande zote mbili. Kwa magari madogo, hesabu kuwa gari limepita moja kwa moja kama limetokea upande wa pili ndani ya mara moja na nusu ya muda wa kawaida wa safari. Kwa semi-trela kipimo hicho kinadanganya. Dereva anaingia Lubumbashi, anasimama kusubiri karatasi, analala, anatengeneza tairi, anatoka kesho yake. Kwa hiyo kwa malori fungueni dirisha la saa 48 na muulize madereva kwenye maegesho: umesimama kwa sababu ya shughuli ya mji, au mji ni mahali pa kulala tu? Anayelala tu, maegesho yake yanaweza kuhamishwa. Anayeshusha mzigo kwenye bohari, haiwezekani.

Mfano wa hesabu, si takwimu za kweli: kwa plaki 400 za semi-trela zilizoandikwa upande wa Likasi, 300 zikionekana upande wa Kasumbalesa, na kati ya hizo 240 zikiwa hazina shughuli mjini, basi asilimia 60 ya semi-trela hizo zinaweza kuondoka zikipata njia ya kukwepa mji. Asilimia 40 zilizobaki zitaendelea kuja hata mkijenga njia nzuri namna gani, na ndizo bulevari inapaswa kuzikubali, kwa saa maalumu na kwa njia maalumu.

Sasa chukueni uwezo wa barabara. Mstari mmoja wenye taa hupitisha takriban magari 1,800 kwa saa kama taa ingekuwa kijani muda wote. Taa ikiwa kijani asilimia 45 ya muda, hubaki 810. Mistari miwili ni 1,620. Semi-trela 150 katika saa ya msongamano, kwa kipimo cha 3, zinakula 450 kati ya hizo. Ndiyo kusema zaidi ya robo ya barabara inakaliwa na vyombo ambavyo vingi vyao havina kazi mjini. Namba hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote mbele ya gavana, kuliko picha ya miti.

Vituo vya peaje (ushuru wa barabara) vya RN1 vina rekodi za malori. Ombeni za miaka mitatu, mlinganishe na hesabu yenu. Zikitofautiana sana, kosa liko kwenu au liko kwao, na inafaa kulijua mapema.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa bulevari hulivuta kupita kiasi. Mwaka 2002, Sally Cairns na wenzake walikusanya mifano ipatayo 70 kutoka nchi 11 ambako nafasi ya magari ilipunguzwa, wakaona kwamba katika nusu ya mifano hiyo zaidi ya asilimia 11 ya magari yalipotea, hayakuonekana hata kwenye barabara za jirani. Watu walibadilisha saa, walipanda basi, waliunganisha safari mbili kuwa moja. Hiyo ni kweli kwa watu. Shaba haiunganishi safari. Tani za katodi (mabamba ya shaba iliyosafishwa) lazima zifike mpakani, kwa lori au kwa reli. Kila ripoti inayotumia asilimia ya kupotea kwa magari yote bila kutoa malori kwanza, irudishwe.

Hatua ya 4: Wanaovuka

Tembeeni kipande chote mkihesabu wavukaji kila mita 100, saa ya shule, saa ya soko na jioni. Wekeni vitone kwenye ramani. Mtaona watu hawavuki pale mhandisi alipochora mistari. Wanavuka mbele ya kituo cha teksibasi, mbele ya kisima na mbele ya kanisa. Bulevari ichorwe kufuata vitone hivyo.

Hesabuni pia wanaoshuka. Hiace nyingi za mjini zina usukani wa kulia, mlango wa abiria uko kushoto, nasi huku tunaendesha upande wa kulia. Abiria anashukia katikati ya barabara. Kwenye barabara ya kasi hilo ni kifo cha kila siku, na hata kwenye bulevari litakuwa hatari kama vituo havikuwekwa kwenye njia ya huduma iliyotengwa na magari ya kasi.

Kuhusu mwendo, pimeni kasi ya magari 100 kwa kila kituo, saa isiyo na foleni, mchukue ile ambayo asilimia 85 hawaizidi. Kwenye kilomita 50 kwa saa, gari ndogo lenye breki nzuri kwenye lami kavu husimama ndani ya mita 28 hivi, pamoja na sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwenye 80, ni mita 57 hadi 58. Lori lililojaa ni zaidi, na lami yenye vumbi jekundu au tope la kwanza la Oktoba ni zaidi tena.

Rekodi za ajali za polisi wa rulaji (wa barabarani) zinaonyesha zile zilizofikishwa kituoni tu. Zilinganisheni na madaftari ya hospitali (idadi na mahali, bila majina) na mahojiano na wenye vibanda. Mwenye kibanda anajua mahali watu wanapogongwa kuliko daftari lolote.

Msisahau kwamba mji huu umegawanywa kabla ya magari kuwa mengi. Wakoloni waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, na reli ikaongeza mkato wake. Mkigeuza barabara na kuacha reli bila vivuko, mtakuwa mmefungua mlango wa kwanza tu, wa pili bado umefungwa.

Hatua ya 5: Mchoro wa upana, maji na udongo

Bulevari ya njia nyingi inahitaji upana. Hesabu ya kawaida: mistari minne ya kati ya mita 3.25 (13), kisiwa cha kati mita 2, visiwa viwili vya pembeni vyenye miti mita 4 kila kimoja (8), njia mbili za huduma za mita 3 pamoja na maegesho ya mita 2.2 (10.4), na njia mbili za waendao kwa miguu za mita 4 (8). Jumla mita 41.4. Mkitaka mistari miwili ya basi katikati ya mita 3.5, ni 48.4. Upana ulioandikwa kwenye hati za zamani hauaminiki. Pimeni kutoka ukuta hadi ukuta, kila mita 50. Palipo na mita 37 tu, msibane kila kitu. Ondoeni njia ya huduma upande mmoja, lakini mti na njia ya miguu vibaki.

Kona za njia panda ni mtego. Kona yenye mviringo wa mita 5 au 6 hupunguza kasi na kumlinda mvukaji, lakini semi-trela haiwezi kukata hapo. Itapanda juu ya njia ya miguu na kuvunja vigae. Amueni ni kona zipi malori yanaruhusiwa, zifanyeni pana hizo tu.

Lami yenyewe ifuate ekseli, siyo idadi ya magari. Uharibifu huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito. Ekseli ya tani 10 huharibu sawa na ekseli 10,000 za tani moja. Kwa hiyo bulevari isiyopitisha semi-trela inaweza kuwa na tabaka jembamba na rahisi, na ile inayozipitisha "kwa muda tu" inahitaji tabaka nene tangu siku ya kwanza. Ule muda mfupi kwa kawaida huwa miaka kumi.

Maji ndiyo mwanzo wa kila shimo. Mvua ya Lubumbashi huja kati ya Oktoba na Aprili, na huja kwa nguvu. Kadirieni hivi: eneo kwa hekta, mara nguvu ya mvua kwa milimita kwa saa, mara sehemu isiyozama ardhini, gawanya kwa 360, mnapata mita za ujazo kwa sekunde. Barabara ya upana wa mita 40 na urefu wa kilomita moja ni hekta 4. Kwa mvua ya milimita 80 kwa saa na lami isiyozamisha asilimia 90, ni mita za ujazo 0.8 kwa sekunde, bila kuhesabu maji ya lupango za jirani, ambayo mara nyingi ni mengi zaidi. Mfereji uliofunikwa wote hujaa chupa za plastiki asiweze mtu kuusafisha. Acheni vifuniko vinavyonyanyuka kila mita 10, na bajeti ya kuzibua kila Septemba, kabla ya mvua ya kwanza.

Miti: jakaranda hupendwa mjini, lakini usipande juu ya bomba la REGIDESO. Kiangazi mbili za kwanza, mche unahitaji lita 20 mara mbili kwa wiki. Kwa wiki 22 ni lita 880. Miche 500 ni mita za ujazo 440, sawa na safari 44 za gari la maji la lita 10,000. Bulevari isiyo na mstari huo kwenye bajeti itakuwa na vijiti vikavu ifikapo Oktoba.

Taa za kuongozea magari ziwe na nishati ya jua na betri. Njia panda inayotegemea SNEL peke yake itaongozwa kwa mkono nusu ya muda.

Hatua ya 6: Linganisheni hali, kisha jaribuni

Linganisheni hali zisizopungua nne: kuacha ilivyo pamoja na gharama halisi ya matengenezo ya miaka 20, kupanua barabara kuu, bulevari bila njia ya kukwepa mji, na bulevari baada ya njia ya kukwepa. "Kuacha ilivyo" siyo bure. New York waliacha West Side Highway ichakae mpaka tarehe 15 Desemba 1973 lori lilipotumbukia ndani yake, nalo lilikuwa limebeba lami ya kuitengeneza.

Ufungaji wa ghafla ni mtihani wa bure ambao mipango haithubutu kuufanya. Tetemeko la Oktoba 1989 liliifunga Embarcadero, mji ukaendelea kuishi, na ubomoaji ukaanza mwaka 1991. Hapa msisubiri msiba. Tumieni mapipa ya rangi na mchanga, mpunguze mistari kwa wiki sita, mhesabu upya kwenye vituo vilevile. Wiki mbili za kwanza zitakuwa kelele na matusi. Takwimu za wiki ya nne hadi ya sita ndizo za kuaminika. Seoul ilianza kubomoa mwaka 2003 na mwaka uliofuata ikapanga upya mabasi yake yote. Jaribio lisilo na teksibasi za ziada linapima hasira za watu tu.

Hatua ya 7: Watu, hati na fedha

Orodhesheni kando: wenye certificat d'enregistrement (hati rasmi ya ardhi), wenye karatasi ya komini (serikali ya mtaa) pekee, wapangaji, wenye vibanda, na wauzaji wa chini. Sheria Na. 77-001 ya 22 Februari 1977 inahusu kunyang'anywa mali kwa manufaa ya umma, na haiwatazami wote hawa kwa jicho moja. Kama fedha zinatoka kwa mfadhili wa nje, masharti yake kwa kawaida ni mapana zaidi. Utafiti wa athari kwa mazingira na jamii hupitia Agence Congolaise de l'Environnement, chini ya Sheria Na. 11/009 ya 9 Julai 2011. Anzeni nao mwezi wa tatu, siyo wa mwisho.

Kodi za nyumba zitapanda penye miti na njia ya miguu. Chukueni kodi za sasa kwa kaya 200 hivi kila upande, ili baada ya miaka mitatu mjue nani amehama.

Kwenye hesabu ya faida na gharama, jaribuni riba ya asilimia 8, 10 na 12. Mradi unaofaulu kwa 8 na kuanguka kwa 10 ni dhaifu, semeni hivyo wazi. Muda wa mtembea kwa miguu upewe thamani sawa na wa mwenye gari, la sivyo mmeandika matokeo kabla ya kuhesabu.

Lini kusema hapana

Kataeni bulevari, au iahirisheni, kama semi-trela zaidi ya nusu zina shughuli mjini na hakuna bohari linaloweza kuhama, kama njia ya kukwepa haina fedha wala ardhi iliyotengwa, au kama hakuna ofisi iliyotia saini kusafisha mifereji. Katika hali hizo fanyeni kidogo kinachowezekana sasa: vivuko penye vitone vya Hatua ya 4, visiwa vya kusimamia vya mita 2.5, saa za kuzuia malori asubuhi na jioni. Fomu za hesabu zihifadhiwe nakala mbili, moja UNILU na moja kwa meya, pamoja na picha ya kila kituo ikionyesha alipokaa mhesabuji, ili mwaka ujao mwingine akae hapo hapo.